Hifadhidata, kanzidata na msamiati wa kuchagua mfumo kwa tovuti kubwa

hifadhidata nm [i-/zi-] mkusanyo wa data uliopangwa ndani ya kompyuta kwa utaratibu unaowezesha data hiyo kutafutwa, kuongezwa, kurekebishwa na kufutwa: "Rekodi za mimea ya Usambara zimewekwa katika hifadhidata moja." Pia kanzidata. [hifadhi (Kar.) + data] Taz. faharasa, jedwali, muamala, nakala, ufunguo.

Makala haya yanamlenga mwanafunzi, mwalimu au mfasiri aliyekabidhiwa matini inayozungumzia uteuzi wa programu za hifadhidata kwa ajili ya tovuti kubwa sana. Matini za namna hiyo zimejaa maneno yenye maana nyembamba katika ufundi na maana pana katika Kiswahili cha kila siku. Anayesoma matini hiyo aghalabu ndiye atakayenunua mfumo au kuidhinisha fedha za kuununua, kwa hiyo neno lililofasiriwa kwa ulegevu linaweza kumfanya anunue kitu asichokihitaji.

Mfano utakaotuongoza ni rekodi za mimea iliyokusanywa katika Milima ya Usambara, kuanzia Lushoto upande wa magharibi hadi Amani upande wa mashariki. Sehemu ya rekodi hizo imo leo katika tovuti ya GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao Copenhagen, Denmark. Tanzania hushiriki kupitia kituo cha TanBIF kilicho chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Dar es Salaam. Tumechagua mfano huu kwa sababu karibu kila tatizo la istilahi linalomsumbua mfasiri wa hifadhidata lilikwisha kutokea kwenye karatasi za mimea iliyokaushwa, miongo mingi kabla ya kompyuta.

Hifadhidata au kanzidata?

Maneno yote mawili ni sahihi na hayatofautiani kwa maana. "Kanzidata" limeenea katika ofisi za serikali na magazeti ya Tanzania: kanzidata ya wakulima, kanzidata ya watumishi. "Hifadhidata" hupatikana zaidi katika vitabu vya kiada, katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na katika maandishi ya Kenya. Kwa upande wa uundaji wa maneno, "hifadhidata" lina faida moja kubwa: kitenzi -hifadhi kiko hai, hivyo mwandishi anaweza kusema bila taabu kwamba data imehifadhiwa, haijahifadhiwa, au haihifadhiki. "Kanzi" (Kar. kanz, hazina) halina kitenzi kinachotumika, na taswira yake ni ya mali iliyofichwa, ilhali hifadhidata ya tovuti imekusudiwa kufunguliwa na watu wengi.

Hata hivyo, mtu anayeandika juu ya Usambara atagundua haraka kwamba neno "hifadhi" lina mwenyewe. Kwa mkazi wa Lushoto, hifadhi ni msitu: Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko juu ya mji, na ile ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iko ng'ambo ya bonde la Lwengera. Sentensi kama "hifadhidata ya hifadhi hiyo haijahifadhi majina ya zamani" ni sahihi kisarufi, lakini humchosha msomaji. Katika matini ya misitu, basi, "kanzidata" hupumzisha masikio.

Ukishateua moja, baki nalo hadi mwisho. Walimu wa insha huwafundisha wanafunzi kuepuka kurudia neno, na katika hadithi fundisho hilo lina nafasi yake. Katika matini ya ufundi, msomaji akikuta "hifadhidata" ukurasa wa kwanza na "kanzidata" ukurasa wa tatu atadhani ni vitu viwili. Makala haya yanatumia "hifadhidata".

Data na mfumo unaoitunza

"Hifadhidata" ni mkusanyo wenyewe. Programu inayoutunza ni "mfumo wa hifadhidata", au kwa urefu "mfumo wa usimamizi wa hifadhidata". PostgreSQL, MySQL, MariaDB na Cassandra ni mifumo; rekodi za mimea ya Usambara ni hifadhidata. Wahandisi wenyewe huyachanganya mawili haya katika mazungumzo, na mfasiri hana sababu ya kuwaiga. Chukua sentensi "Tulibadilisha hifadhidata mwezi uliopita." Je, data ilibadilishwa, au programu? Ikiwa ni programu, andika "tulibadilisha mfumo wa hifadhidata", hata kama matini ya chanzo imesema neno moja tu.

Majina ya mifumo hufuata upatanisho wa i-/zi-: "MySQL ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995", "PostgreSQL imetokana na mradi ulioanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986."

Tovuti "kubwa sana": kubwa kwa nini?

Kivumishi "kubwa" ndicho kinachoharibu matini nyingi za mada hii. Tovuti inaweza kuwa kubwa kwa sababu ina wasomaji wengi, au kwa sababu ina waandishi wengi wanaoongeza data kila sekunde, au kwa sababu data iliyokwisha kukusanywa ni nyingi mno. Hizo ni hali tatu tofauti, na kila moja inaelekeza kwenye mfumo wake.

Wikipedia ni kubwa kwa wasomaji. Kwa kila mtu mmoja anayehariri ukurasa, wako wengi sana wanaousoma tu. Kwa hiyo seva moja kuu hupokea maandishi mapya, seva nyingine huyanakili na kujibu maombi ya kusoma, na mbele ya zote kuna akiba ya muda inayowahudumia wasomaji wengi pasipo hifadhidata kuguswa. Mfumo wenyewe si wa ajabu: ilikuwa MySQL, na mwaka 2013 Wikipedia ya Kiingereza ikahamia MariaDB, ambayo ni mzao wa MySQL hiyohiyo.

GBIF ni kubwa kwa data. Rekodi zake zilivuka bilioni 1 mwaka 2018 na bilioni 2 mwaka 2022. Rekodi haziingii mojamoja; taasisi hutuma mafungu makubwa kwa pamoja, kisha watafiti huyachuja kwa jina, kwa mahali na kwa mwaka. GBIF nayo ilianza na MySQL. Mzigo ulipozidi, rekodi zilihamishiwa Hadoop na HBase, mifumo inayosambaza data juu ya mashine nyingi, na utafutaji ukakabidhiwa Elasticsearch. Lakini sajili ya taasisi na ya mikusanyo yao, ambayo ni ndogo na yenye uhusiano mwingi wa ndani, ilibaki katika PostgreSQL. Tovuti moja, basi, hutumia mifumo kadhaa kwa wakati mmoja, na mfasiri anayeandika "GBIF hutumia hifadhidata ya HBase" amesema robo tu ya habari.

Cassandra ilizaliwa Facebook na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2008, kwa ajili ya hali ya waandishi wengi: ujumbe unaomiminika usiku na mchana kutoka kila upande. Kinyume chake, tovuti ya Stack Overflow, ambayo imewahudumia waandishi wa programu ulimwenguni kote, ilitumia kwa miaka mingi Microsoft SQL Server juu ya mashine chache tu. Ukubwa peke yake hauamui mfumo. Kwa sababu hiyo tunashauri "kubwa" lisiachwe uchi katika tafsiri: andika "tovuti yenye wasomaji wengi", "yenye maandishi mapya mengi", au "yenye data nyingi", kadiri chanzo kinavyoruhusu. Kama chanzo hakisemi, muulize mwandishi wake.

Jedwali, rekodi, kumbukumbu

Mfumo wa uhusiano, uliopendekezwa na Edgar Codd mwaka 1970, hupanga data katika majedwali. Jedwali lina safu mlalo na safu wima. Safu mlalo moja ni rekodi moja, yaani mmea mmoja uliokusanywa siku moja mahali pamoja. Safu wima ni aina moja ya taarifa, kama vile jina la mkusanyaji. Wengine huita nafasi hiyo ya taarifa "uga" (wingi nyuga), neno zuri ambalo mwanafunzi wa mjini huenda asilitambue.

Kwa "rekodi" wapo wanaopendelea "kumbukumbu", na katika ofisi ya masjala neno hilo halina kasoro. Katika matini ya kompyuta lina mtego, kwa kuwa "kumbukumbu" ni pia ile sehemu ya mashine inayoshika data wakati umeme upo na kuipoteza ukizimika. Fikiria sentensi hii: "Kumbukumbu zote hukaa katika kumbukumbu." Mhandisi amekusudia kusema jambo la hatari, kwamba rekodi hazijaandikwa kwenye diski; msomaji anaona takriri tu. Tumia "rekodi" kwa habari iliyoandikwa, na "kumbukumbu" kwa kifaa.

Si mifumo yote inayotaka majedwali. Lebo za zamani za Usambara zinaonyesha sababu. Moja ina jina la kijiji, mwinuko, tarehe na maelezo ya rangi ya ua. Nyingine imeandikwa "Usambara" basi. Nyingine husema Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliuita mji wa Lushoto. Jedwali lenye safu wima 40 litakuwa na nafasi tupu nyingi, na ndiyo maana mifumo ya "nyaraka", inayokubali kila rekodi ije na umbo lake, huwavutia watu wenye data ya namna hii. Mvuto huo una gharama: kazi ya kuhakikisha kwamba Wilhelmstal na Lushoto ni mji mmoja haiondoki; inahama kutoka kwa mfumo kwenda kwa mwandishi wa programu. Kiwango cha Darwin Core, kilichoidhinishwa mwaka 2009 na kinachotumiwa na GBIF, hutenga uga mmoja kwa jina la mahali kama lilivyoandikwa kwenye lebo, na nyuga nyingine kwa mahali kama panavyofahamika leo. Hapo jedwali linatosha.

Ufunguo

Ufunguo wa msingi ni alama inayotambulisha rekodi moja na isiyotumiwa na nyingine. Kishawishi cha kwanza cha mwanafunzi ni kutumia jina. Milima ya Usambara ina mfano mashuhuri wa hasara ya kufanya hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, aliokota huko mmea mdogo wenye maua ya zambarau na kuufikisha kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Kwa jina hilo uliuzwa madirishani kote Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 wanabotania waliliunganisha kundi zima la Saintpaulia na jenasi Streptocarpus, na mmea wetu sasa huitwa Streptocarpus ionanthus.

Hifadhidata ambayo ufunguo wake ni jina ingelazimika siku hiyo kubadilisha ufunguo wa kila rekodi ya mmea huo, pamoja na kila kiungo kilichoelekea kwake kutoka tovuti nyingine. Kwa hiyo ufunguo mzuri ni namba isiyo na maana yoyote, na jina hubaki kuwa taarifa ya kawaida inayoweza kusahihishwa.

Kuna pia ufunguo unaokaa katika jedwali moja ukiashiria rekodi ya jedwali lingine. Baadhi ya vitabu huuita "ufunguo wa kigeni". Ni tafsiri ya neno kwa neno, na humfanya mwanafunzi auulize umetoka nchi gani. Tunapendekeza "ufunguo rejea".

Faharasa

Neno hili ni la bahati: faharasa ya hifadhidata hufanya kazi ileile inayofanywa na faharasa mwishoni mwa kitabu, na mwalimu hahitaji kueleza zaidi. Angalizo ni moja. Kila faharasa inayoongezwa huharakisha kusoma na kuchelewesha kuandika, kwa sababu rekodi mpya haina budi kuingizwa na humo pia. Hivyo "tovuti ina faharasa nyingi" si sifa njema kwa kila tovuti.

Nakala

Hili ndilo neno lenye hatari kuliko yote katika mada hii, na tutalikalia.

Kiswahili hutumia "nakala" kwa mambo ambayo uhandisi huyatenganisha kabisa. La kwanza ni nakala inayofuata chanzo chake papo kwa papo, ili seva moja ikizidiwa au ikifa nyingine iendelee kujibu. La pili ni nakala ya hali ya data kwa siku fulani, inayowekwa kando na isiyobadilika tena, ili data iweze kurejeshwa ikiharibika. La tatu ni kitu kimoja kuandikwa mara mbili kwa bahati mbaya au kwa mazoea.

Hebaria, yaani maktaba za mimea iliyokaushwa, zilikuwa na yote haya. Mkusanyaji hodari hukata matawi kadhaa ya mmea uleule siku ileile, huyapa namba moja, na kuyasambaza katika hebaria tofauti. Carl Holst alifanya kazi Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mimea yake ikapelekwa Berlin, ambako ndiko ilikochunguzwa na spishi nyingi mpya kupewa majina. Usiku wa 1 Machi 1943 hebaria ya Berlin-Dahlem ililipuliwa kwa mabomu, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake ikateketea. Kilichowaokoa wanabotania ni matawi mapacha yaliyokuwa yamekwisha kutumwa kwenye hebaria nyingine. Moto wa Berlin haukuweza kuyafuata huko.

Hapo ndipo nakala ya kompyuta inapotofautiana na tawi pacha. Nakala ya aina ya kwanza hufuata chanzo chake katika kila jambo, likiwemo kosa. Mtu akifuta kwa bahati mbaya rekodi zote za Lushoto kwenye seva kuu, seva zinazoifuata zitazifuta pia baada ya sekunde chache, kwa uaminifu uleule. Kuwa na nakala kumi za namna hiyo hakumsaidii mtu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab aliyekuwa akihangaika na nakala ya PostgreSQL iliyoachwa nyuma alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Ilipotafutwa nakala ya kurejeshea, njia kadhaa za kuitengeneza zilikutwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala moja iliyopigwa kama saa 6 kabla, na mabadiliko ya saa hizo yakapotea.

Kwa hiyo mfasiri hana ruhusa ya kuandika "nakala" tupu. Tunapendekeza hivi: kwa inayofuata chanzo, "nakala sambamba", kwa ya kurejeshea data, "nakala rudufu", kwa rekodi iliyojirudia, "marudio" au "rekodi iliyojirudia". Kuhusu "rudufu", walimu watakumbuka kwamba kurudufu mtihani ni kuutoa nakala nyingi kwa mashine, kwa hiyo kwa asili neno hili lingeweza kubeba maana yoyote kati ya mbili za kwanza. Mazoea yamekwisha kulielekeza kwenye maana ya pili, na mazoea hayo yaheshimiwe. Wapo wanaotumia "cheleza" na "chelezo" kwa maana hiyohiyo. Kwa watu wa pwani chelezo ni kitu cha kueleza majini, kama boya. Taswira ya kitu kinachobaki juu chombo kikizama si mbaya hata kidogo, ila neno halijaenea.

Epuka "nakala ya akiba" na "nakala akiba". Katika programu za simu zilizotafsiriwa, "akiba" ni data ya muda inayowekwa karibu ili kurasa zifunguke upesi, na mtumiaji huambiwa aifute pasipo wasiwasi. Mtu mmoja akiandika "akiba" kwa maana ya kitu kinachofutwa bila hasara, na mwingine kwa maana ya kitu cha mwisho cha kutegemea, siku moja maagizo yao yatakutana.

Jaribu sasa kusoma waraka wa zabuni unaosema: "Mfumo uwe na nakala mbili." Mzabuni wa kwanza ataleta seva mbili zinazofuatana zikiwa katika kabati moja. Wa pili ataleta diski mbili zinazojazwa kila usiku, moja Lushoto na nyingine Tanga. Wote wawili wametimiza sharti, bei zao hazilinganishiki, na ni wa pili tu anayeweza kurudisha rekodi zilizofutwa jana. Waraka ungesema: "Mfumo uwe na nakala sambamba moja, na nakala rudufu ya kila siku itunzwe katika jengo lingine, urejeshaji wake ujaribiwe mara moja kwa mwezi."

Kuhusu marudio, matawi ya namba moja yaliyotawanyika huingia GBIF kila moja kwa njia ya hebaria yake. Mmea mmoja uliokatwa siku moja unaweza kuonekana kama mimea mitatu, na anayehesabu wingi wa spishi bila kuliangalia hilo atakosea.

Ulinganifu

Data ikiwa kwenye seva zaidi ya moja, huzuka swali: je, wote wanaoisoma wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja? Sifa hiyo huitwa kwa majina mengi: uthabiti, uwiano, ulinganifu. Tunashauri "ulinganifu". "Uthabiti" humfanya msomaji afikirie kutotikisika, na neno hilo linahitajika kwa sifa nyingine, kwamba kilichokwisha kuandikwa hakipotei umeme ukikatika.

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha, kwamba mawasiliano kati ya seva yakikatika mfumo hauwezi kudumisha ulinganifu na upatikanaji kwa pamoja. Tuseme kuna seva Lushoto na nyingine Dar es Salaam, na njia ya mawasiliano imekatika. Mtaalamu wa Lushoto anasahihisha utambuzi wa mmea. Msomaji wa Dar es Salaam anauliza habari za mmea huohuo. Seva yake ina njia mbili tu: imjibu kwa habari ya zamani, au ikatae kumjibu. Mifumo kama Cassandra inaweza kupangwa ifuate njia ya kwanza na kulinganisha baadaye. Hali hiyo tunaiita "ulinganifu wa baadaye". "Ulinganifu wa mwisho" si tafsiri nzuri, kwani "wa mwisho" husikika kama kwamba hakutakuwa na mwingine.

Kwa rekodi za mimea, kuchelewa saa kadhaa hakumdhuru mtu. Kwa fedha hudhuru, na hapa ndipo linapoingia neno "muamala". Mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto anapomtumia mwenzake pesa kwa simu, kupunguzwa kwa salio moja na kuongezwa kwa lingine ni lazima vitokee vyote au visitokee kabisa. Hiyo ndiyo maana ya ufundi: kundi la mabadiliko lisilogawanyika. Mwanafunzi wa Tanzania, ambako M-Pesa ipo tangu 2008, huwa na maana finyu ya neno hili kichwani, kwa hiyo mwalimu amweleze kwamba kusajili mmea pamoja na lebo yake na picha yake kunaweza pia kuwa muamala mmoja, ingawa hakuna senti iliyohama.

Vipande na vigae

Data isipoenea katika mashine moja hugawanywa. Istilahi ya Kiingereza kwa kila sehemu imetokana na kipande cha chungu kilichovunjika, na Kiswahili kina neno lake hasa, "kigae". Ni tafsiri inayopendeza, lakini kigae hudokeza kwamba kitu kimevunjika, na siku hizi watu wengi wakilisikia huwaza sakafu au paa. "Kipande" linatosha. "Kugawa hifadhidata katika vipande" linaeleweka kwa wote.

Kigezo cha kugawa ndicho kinachohitaji fikra. Ukigawa rekodi za Tanzania kwa wilaya, Lushoto na Muheza, zilizochunguzwa tangu enzi ya Wajerumani, zitaelemea mashine zao, huku wilaya ambazo wanabotania hawajazipitia sana zikiacha mashine karibu tupu. Kugawa kwa namba ya ufunguo husawazisha mzigo, lakini anayetaka mimea yote ya Lushoto atalazimika kuuliza kila mashine.

Kuhamisha

Kubadili mfumo ni "kuhamisha data". Nomino yake ni "uhamishaji". Usiandike "uhamiaji wa data", maana uhamiaji ni wa watu na pasipoti zao. Mkusanyo wa mimea ulioanzia katika taasisi ya Amani mwaka 1902 ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na karatasi zikiwa Nairobi haziwezi tena kuwa Amani. Hifadhidata haihamishwi hivyo. Mfumo wa zamani huendelea kufanya kazi huku mpya ukijazwa, na kwa muda mambo yote huandikwa mara mbili, pengine kwa miezi mingi. Ukikuta katika chanzo kitenzi kinachodokeza kwamba data "iliondolewa" mahali fulani na "kupelekwa" kwingine, hakikisha kwanza kama chanzo kinasema kweli iliondolewa.

Upatanisho na mifano

"Data" hutumika katika i-/zi-, kwa umoja na kwa wingi: data hii imepotea, data hizi zimepotea. Umoja hufaa kwa data kama kitu kizima, wingi kwa vipengele vinavyohesabika. "Seva" ni i-/zi-: seva imezimika, seva zimezimika. "Jedwali" ni li-/ya-: jedwali limejaa, majedwali yamejaa. "Muamala" ni u-/i-: muamala umeshindikana, miamala imeshindikana.

"Hebaria ya Lushoto inahitaji mfumo wa hifadhidata wenye majedwali, si mfumo wa kusambaza data, kwa kuwa rekodi zake zinaenea katika mashine moja."

"Nakala sambamba ilikuwa nyuma kwa dakika 4 seva kuu ilipoharibika."

"Nakala rudufu ya Jumapili ilirejeshwa, na rekodi za Jumatatu zikaandikwa upya kutoka kwenye lebo."